Ubao Ndio Mwenye Nyumba

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mtaa, Majengo, Mombasa, mbele ya wenye saiba (vibanda vya kompyuta na intaneti), walimu wa kompyuta, wazazi na vijana wanaojifunza ufundi. Wako walioniambia wamekosa kufika kwa sababu ya mvua na foleni ya feri pale Likoni, basi naiweka hapa yote kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Hamjambo nyote? Wazee wangu, mama zangu, walimu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, mwanisikia vizuri? Haya, tuanze.

Hapa mezani nimeleta kompyuta moja kuukuu. Imetoka shuleni, na mwalimu mwenyewe amekaa pale safu ya pili. Kibandiko chake cha mbele kimechubuka lakini bado chasomeka: Core i3. Ndani yake mna prosesa inayoitwa i3-2100, ya mwaka 2011. Shule ilitaka kuiondoa. Mimi nikamwambia mwalimu, niachie, nitakuja nayo ukumbini tuifungue mbele ya watu. Basi iko hapa, na kabla hatujaondoka leo tutaifungua.

Lakini kwanza nataka tusafishe neno moja. Hapa kwetu, mtu akisema "CPU" anamaanisha nini? Semeni. Naam, anamaanisha lile sanduku zima. Mtoto hutumwa dukani: "Kaulize bei ya CPU." Na neno hilo, ndugu zangu, lilikaribia kumponza mzee mmoja.

Mzee huyu alikuja dukani kwangu Mwembe Tayari akitoka Kisauni, kwa tuktuk, amelikumbatia sanduku lake limefungwa kwa leso ya mkewe ili lisiingie vumbi la njiani. Mwanawe yuko ng'ambo, na alikuwa amempigia simu akamwambia, "Baba, badilisha CPU, itakuwa nyepesi." Mzee akaenda kuuliza bei ya CPU. Akatajiwa bei ya kompyuta nzima. Akazunguka maduka matatu, na kote akatajiwa bei ya kompyuta nzima, kwa sababu kote waliielewa CPU kama yeye alivyoielewa. Alipofika kwangu alikuwa amekwisha kuamua kuuza mbuzi wawili. Nikampigia mwanawe simu pale pale. Kijana akasema, "La, fundi, nazungumzia ile chipu ya ndani." Chipu ya ndani! Kitu cha mraba, kila upande hata sentimita 4 haufiki. Mbuzi wakabaki zizini.

Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi leo nawaambia, ufunue mbacha wako kwanza uone umechakaa wapi.

Basi hiyo chipu ndiyo prosesa. Ndiyo inayofanya hesabu zote. Ndani yake mna viini, na kila kiini ni kama mpishi mmoja jikoni kwenye shughuli ya harusi. Hii i3-2100 ina wapishi wawili. i7-2600, ambayo ni ya ukoo ule ule na mwaka ule ule, ina wapishi wanne, na kila mmoja, sawa na wale wa i3, huweza kushika sufuria mbili kwa zamu, hivyo Windows huwaona hao wanne kama wanane. Sasa tazameni jambo moja ambalo watu wengi hulikosa. Mnaponunua, mwatazama ile nambari ya kasi, sivyo? i3-2100 ni gigahezi 3.1. i7-2600 ni gigahezi 3.4. Mtu akiona hivyo husema, "Aa, tofauti ni kidogo, nitoe pesa ya nini?" Mpishi mmoja mmoja hajapishana sana na mwenzake. Waliopishana ni idadi yao. Ukiwa na sufuria moja ya chai, wapishi wanane watakusaidia nini? Lakini ukiwa na pilau, mchuzi, sambusa na kachumbari kwa wakati mmoja, hapo ndipo utawajua.

Sasa swali la kwanza, na nataka mlibebe mwende nalo nyumbani: je, prosesa ndiyo yenye makosa?

Wenye saiba mnajua tarehe 30 Juni ni siku gani. Ni siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwenye iTax, na foleni hutoka mlangoni ikafika barabarani. Mwaka mmoja, wiki moja kabla ya tarehe hiyo, dada mmoja mwenye saiba kule Bombolulu alinipigia simu karibu kulia. Mashine zake sita zinatambaa. Mteja akifungua ukurasa, anangoja mpaka anaanza kugombana na wa nyuma yake. Dada yule alikuwa ameshaweka pesa kando anunue prosesa sita za i5. Nikamwambia, dada, usinunue kitu. Keti mbele ya mashine moja, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, kisha unisomee unachokiona.

Akasoma. Prosesa: asilimia 20. Kumbukumbu, ile RAM: asilimia 92. Diski: asilimia 100, na haishuki.

Mmeona? Prosesa ilikuwa imekaa kitako inangoja. Wapishi wamekunja mikono, kijana aliyetumwa sokoni hajarudi. Diski yake ilikuwa ile ya zamani yenye sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika na mkono mdogo unaokimbia huku na huko kutafuta data. Ikisoma kitu kilichonyooka yaweza kupata megabaiti mia na kidogo kwa sekunde, lakini kitu kilichotawanyika inakwama. Diski ya SSD ya waya wa SATA husoma kama megabaiti 500 kwa sekunde, na haina mkono wa kukimbizana na kitu. Tena RAM yake ilikuwa gigabaiti 4, na RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia mizigo kwenye diski ile ile iliyokwisha kuchoka. Tukamtilia SSD na RAM ya gigabaiti 8 katika kila mashine. Zile prosesa hatukuzigusa. Alipitisha tarehe 30 Juni, na zinafanya kazi hadi hivi leo.

Kwa hivyo bonyezeni kwanza. Tazameni kwanza. Kama prosesa iko asilimia 100 na diski na RAM zina nafasi, hapo ndipo prosesa ina hatia. Na hutokea, tena sana. Hutokea kwa kijana anayehariri video za harusi. Hutokea kwa mwanafunzi aliye kwenye somo la video huku amefungua kurasa 15. Na kuna jambo jingine: video nyingi za intaneti siku hizi zimefungashwa kwa mtindo uitwao VP9. Prosesa za 2011 hazikuundiwa sehemu maalumu ya kuufungua mtindo huo, basi huufungua kwa nguvu za viini vyenyewe. Ndiyo maana kompyuta iliyocheza video vizuri miaka kumi iliyopita leo yahema kwa video ya kitu kile kile. Mzigo ndio uliobadilika.

Hata ukikuta iko asilimia 100, fungua sanduku utazame vumbi kabla ya kufungua mfuko wa pesa. Vumbi la kwetu si kama la bara. Hili letu huchanganyika na chumvi na unyevu wa bahari, likaganda kati ya mapezi ya kile kipoza joto kama tope lililokauka. Prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Nimewahi kusafisha kompyuta ya madrasa moja kwa brashi ya rangi tu, nikairudisha, na maalim akaniuliza nimeweka prosesa gani mpya.

Sasa twende kwenye lile lililonifanya niiite hotuba hii kwa jina lake. Ubao ndio mwenye nyumba. Nasema ule ubao mama, mnaouita mazabodi. Prosesa ni mpangaji tu. Mpangaji anaweza kuwa na pesa, anaweza kuwa mtu mzuri, anaweza hata kupita mlangoni bila kuinama. Lakini mwenye nyumba akisema simtambui, hakai.

Hili nililijua kwa pesa zangu. Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mmoja alinipa kompyuta ya aina hii hii, yenye prosesa hii hii. Nikafanya hesabu yangu. Soketi ya ubao, yaani kile kitanda prosesa inapolala, ni 1155. Prosesa ya i7-3770, ya mwaka 2012, nayo ni 1155. Tena yala wati 77 wakati i7-2600 yala wati 95. Mpya zaidi, yala kidogo zaidi, soketi ni moja. Kuna cha kuuliza tena? Nikainunua kwa pesa niliyokuwa nimeitenga kwa kodi ya duka, nikijua mwalimu atanirudishia. Nikaifunga. Ikaingia vizuri kabisa. Nikawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini nyeusi.

Nikatoa RAM, nikazisugua kwa ufutio wa penseli, nikazirudisha. Nyeusi. Nikatoa ile betri ndogo ya CR2032, nikangoja, nikairudisha. Nyeusi. Duka jirani wakafunga. Muuza kahawa akapita mara ya mwisho. Nikairudisha i3 ya zamani, skrini ikawaka mara moja kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikaweka tena i7, nyeusi.

Usiku wa manane, nyumbani, nikasoma nilichopaswa kusoma kabla ya kutoa shilingi moja. Ubao ule ulikuwa na chipseti ya Q67. Chipseti ndiyo karani wa ubao, ndiyo inayosimamia nani anaingia na nani anazungumza na nani. Na katika chipseti za kampuni ya Intel, inayotengeneza hizi i3 na i7, za mwaka ule wa 2011, H61, H67, P67 na Z68 zaweza kupokea prosesa za 2012 baada ya kusasishwa BIOS, ile programu ndogo ya ubao inayoiamsha mashine. Lakini tatu zilizokuwa zikitumika sana kwenye kompyuta za maofisini, yaani B65, Q65 na Q67, hazikuruhusiwa. Soketi moja, pini 1155 zile zile, na mlango umefungwa.

Na sisi hapa Mombasa, kompyuta nyingi tunazonunua za mtumba zimetoka wapi? Zimetoka maofisini Ulaya. Kwa hivyo hizo chipseti zenye herufi Q ndizo tulizonazo sisi! Mimi nilikaa na i7 ile kwenye droo miezi mingi hadi ilipokuja mashine yenye Q77, ambayo inaikubali. Kodi ya duka niliikopa.

Vijana, msiidharau hadithi hii mkadhani ni ya zamani. Soketi ya 1151 ilitoka 2015. Mwaka 2017 Intel wakatoa kizazi cha nane, nacho ni pini 1151. Umbo lile lile. Lakini mbao za kizazi cha sita na cha saba hazikikubali. Anayetazama idadi ya pini peke yake ataumia kama nilivyoumia mimi.

Kwa upande wa AMD, kampuni inayoshindana na Intel, mambo yalikuwa ya upole zaidi, na lazima niseme haki yao. Soketi yao ya AM4 ilitoka 2016, ikapokea prosesa zao za Ryzen za kwanza mwaka 2017, na Ryzen za 5000 zilizoanza kutoka mwishoni mwa 2020 bado ni za soketi hiyo hiyo. Mwenye ubao wa AM4 wa zamani anaweza kuruka mbali sana, mradi BIOS ya ubao wake ina toleo linaloitambua prosesa mpya. Ila angalieni hapa: prosesa kama Ryzen 5 3600 haina sehemu ya picha ndani yake. Ukitoa yenye picha ukaweka hiyo bila kadi ya picha, utapata skrini nyeusi na utamlaumu aliyekuuzia bure. Hata Intel zenye herufi F mwishoni ni hivyo hivyo.

Basi mtajuaje? Pakueni programu ya bure iitwayo CPU-Z. Itakupa jina la ubao, chipseti, na toleo la BIOS. Yaandike kwenye karatasi. Kisha nenda kwenye tovuti ya aliyetengeneza ubao au kompyuta, utafute orodha ya prosesa zinazokubaliwa na ubao huo. Si orodha ya soketi. Orodha ya ubao wako wewe. Kama prosesa unayoitaka haimo, usiinunue, hata muuzaji aape kwa kiapo gani. Na ukiona pembeni pameandikwa toleo la BIOS linalohitajika, sasisha BIOS ukiwa bado na prosesa ya zamani ndani, kwa sababu ukishaitoa, ile mpya huenda isiwake hata ukapata nafasi ya kusasisha.

Na stima, jamani. Stima! Nyote mnaijua stima yetu wakati wa masika. Kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha alianza kusasisha BIOS alasiri moja ya Aprili, wingu limeshika, mimi niko msikitini. Asilimia 60, stima ikapotea. Chipu ya BIOS ikabaki imeandikwa nusu. Ubao haukuwaka tena mpaka tulipoitoa chipu ile na kuiandika upya kwa kifaa maalumu tulichoazima. Tangu siku ile, dukani kwangu BIOS haisasishwi bila UPS, ile betri ya kushikilia stima ikipotea, hata jua likiwa linachoma.

Sasa nizungumze na mikono yenu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mashine nyingi hufa.

Soketi za Intel tunazozizungumzia, pini ziko kwenye ubao, si kwenye prosesa. Ni nyembamba kuliko unywele wa farasi na zimeinama zote upande mmoja. Ukiziangalia kwa tochi ya simu iliyolazwa ubavu, zikiwa salama hung'aa kwa safu kama magamba ya changu aliyetoka majini. Moja ikiwa imelala, utaona kidoa cheusi ndani ya safu. Niliona kijana akiachilia prosesa kwa pembe, kutoka urefu wa kidole kimoja tu, kidole kimoja, na pini tatu zikalala. Tulikaa na lenzi na sindano ya kushonea kuanzia baada ya adhuhuri mpaka alasiri kuziinua. Mbili zilisimama. Ya tatu ikakatika.

Kwa hivyo prosesa hushikwa kwa kingo, kwa vidole viwili, na hushushwa wima. Haiburutwi. Haisukumwi. Ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona moja, na soketi ina alama yake, na kuna pengo mbili pembeni zinazokutana na vishikizo viwili. Zikikutana, inakaa yenyewe kwa uzito wake. Kisha unashusha kile kifuniko na kukaza wenzo. Wenzo utakuwa mgumu, utasikia sauti ya kukwaruza, na moyo utaruka. Ndivyo ulivyo. Kama prosesa imelala sawa, kaza bila woga. Kwa AMD za AM4 pini zote 1,331 ziko chini ya prosesa yenyewe, na hatari iko wakati wa kutoa kipoza: pesti ya kupitisha joto iliyo kati yao ikikauka huigandamiza, ukavuta kipoza ukaing'oa na prosesa. Iwashe mashine dakika chache ipate joto, izime, uchomoe waya, ndipo uzungushe kipoza taratibu kushoto na kulia kabla ya kuinua.

Na jasho! Hili halimo kwenye vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi. Wao huogopa umeme tuli wa kwenye nguo. Sisi unyevu wetu hutupunguzia shari hiyo, ingawa bado gusa chuma cha sanduku kabla ya kugusa chochote. Lakini jasho la Mombasa la Februari lina chumvi, na tone moja likianguka kwenye soketi ni kutu unaipanda. Fungeni kitambaa kichwani. Mimi nimefunga hiki mnachokiona, kila siku, miaka yote.

Pesti ya kupitisha joto. Futa ile ya zamani kwa spiriti na kitambaa kisichotoa nyuzi mpaka chuma king'ae. Kisha weka mpya katikati, kiasi cha punje moja ya mbaazi kavu, isiyopikwa. Mama zangu hapo mmenielewa kuliko mafundi. Usisambaze kwa kidole, kipoza kitaisambaza kikikazwa. Nimefungua mashine iliyopakwa dawa ya meno. Hukauka ndani ya muda mfupi, na prosesa inachemka. Msifanye hivyo.

Halafu kipoza chenyewe. Hii i3 ni ya wati 65, i7-2600 ni ya wati 95. Kile kipoza chembamba cha alumini kilichokuja na i3 hakitoshi kwa joto la hii nyingine. Tafuta kizito zaidi, chenye kiini cha shaba. Kikiwa na skrubu nne, kaza kwa mshazari kidogo kidogo kama nati za gurudumu la gari. Kikiwa na miguu ya kubonyeza, sukuma nayo kwa mshazari mpaka usikie mlio wa kila mguu. Usisahau waya wa feni.

Mtu ataniuliza, fundi, nikifanya yote haya nitapata Windows 11? Nataka nikujibu kwa uwazi, kwa sababu najua wako wanaouza prosesa kwa ahadi hiyo. Hapana. Windows 11 rasmi yataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na yataka kitu cha usalama ndani ya mashine kiitwacho TPM 2.0. i7-2600 ni kizazi cha pili. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa hivyo mashine hii ya mwalimu, tukimaliza kuipandisha, tutaiwekea Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni ya bure, hupokea masasisho ya usalama, na wanafunzi wataandika, watasoma, watajifunza kuandika programu. Saiba inayotegemea programu ya Windows pekee, hiyo ihesabu vingine, na mimi nitakuwa wa kwanza kukushauri ununue mashine ya kizazi cha nane au zaidi.

Na mwenye Core 2 Duo, zile za kabla ya hizi i3? Ndugu yangu, hata ile kubwa yao, Core 2 Quad Q6600, ilitoka Januari 2007. Ilikuwa prosesa nzuri mno, nimefunga nyingi kwa mikono hii. Lakini RAM za DDR2 za kuisaidia zakusumbua kuzipata, na kila kilichobaki kwenye ubao kimezeeka nayo. Hapo usitie pesa. Iache ifanye kazi ndogo inayoiweza.

Mtaniuliza kwa nini nahangaika hivi na mashine ya 2011. Mwaka 2009 mikonga ya intaneti ya chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, ilitua hapa hapa Mombasa. Mji huu ndio mlango ambao intaneti hiyo ya kasi iliingilia Kenya. Na bado kuna madarasa hapa hapa kisiwani ambamo watoto wanne wanagombania kipanya kimoja, huku stoo ya shule ina kompyuta sita zimefunikwa na turubai zikingoja kutupwa. Nimeiona stoo hiyo kwa macho yangu. Sita! Zikitupwa zitaishia Mwakirunge pamoja na taka zetu nyingine, na ubao wa kompyuta huweza kuwa na madini ya risasi na vitu vingine visivyofaa kuvutwa na pafu la mtoto anayechoma nyaya apate shaba. Zikifunguliwa, huenda nne zikasimama. Mafundi wa majahazi pale Bandari ya Kale hawakuchoma chombo kwa sababu ubao mmoja umeoza. Walikitoa pwani, wakagonga kila ubao kwa nyundo wakisikiliza, wakautoa ule ulioitika vibaya, wakatia mwingine, wakakalafati kwa pamba na sifa, yale mafuta ya papa, wakakirudisha majini.

Haya. Mwalimu, mashine yako. Jana usiku niliiwasha nikaitazama: chipseti ni Q67, na orodha ya ubao wake nimeichapisha, hii hapa mkononi, i7-2600 imo. BIOS haihitaji kusasishwa. Prosesa yenyewe iko kwenye kikasha hiki. Kipoza chenye shaba kiko pale. Waya wa stima umechomolewa, na nimebonyeza kitufe cha kuwasha ili kumaliza umeme uliobaki ndani.

Wewe binti uliyekaa karibu na dirisha, umekuwa ukiandika tangu nianze. Njoo. Naam, wewe. Acha kalamu, chukua bisibisi hii. Gusa kwanza chuma cha sanduku. Vizuri. Hiyo skrubu ya kushoto, zungusha nusu tu, halafu uende ya mshazari. Na nyinyi wa nyuma, sogeeni mbele mkaone pini.